Kompyuta za kukodi: ankara huamuliwa kabla kazi haijaanza

WAFANYABIASHARA wanaofika soko la Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, hawanunui tenga la nyanya bila kupekua chini. Nyanya za juu huwa nzuri siku zote. Hasara hukaa chini ya tenga. Tabia hiyo sasa inahitajika katika biashara nyingine ambayo mizizi yake imo jirani na soko hilo hilo, nayo ni ya programu za simu zinazotambua magonjwa ya mimea na mifugo kwa kutazama picha.

Programu hizo hutengenezwa kwa njia iitwayo ujifunzaji wa mashine. Kompyuta huonyeshwa maelfu ya picha zilizokwisha kupewa majina na wataalamu, nayo hujirekebisha kidogo kidogo mpaka iweze kutambua picha ambayo haijapata kuiona. Kinachobaki baada ya mafunzo hayo huitwa modeli, na modeli ndiyo bidhaa inayouzwa.

Kazi ya kufundisha inahitaji kompyuta zenye nguvu kubwa. Mwenye mtaji mdogo hanunui kompyuta ya namna hiyo. Hukodi kwa njia ya intaneti kutoka makampuni kama Amazon, Google na Microsoft. Huduma hiyo ndiyo inayoitwa wingu. Mita huhesabu muda, aghalabu hadi sekunde, na malipo kwa kawaida ni kwa dola za Marekani.

Mwekezaji anayeombwa fedha kwa ajili ya mradi wa aina hii huonyeshwa kwanza asilimia ya usahihi wa modeli. Mara chache huonyeshwa mipangilio ya kazi, yaani maagizo ambayo fundi huyaandika kabla ya kuiwasha mashine. Hata hivyo, maagizo hayo ndiyo yanayoamua mambo mawili makubwa: ankara itakuwa kiasi gani, na kama asilimia ile ina maana yoyote.

MERU KUNA MIFANO

Nondo anayeitwa kitaalamu Tuta absoluta, ambaye wakulima wa nyanya wamempachika jina la kantangaze, asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliingia Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 alikwisha kufika Tanzania. Kwa wakulima wa miteremko ya Mlima Meru, ambako Ngarenanyuki inajulikana kwa nyanya za umwagiliaji, mdudu huyo aliongeza gharama za dawa na kupunguza mavuno.

Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Tengeru, ni miongoni mwa vyuo vilivyoshughulikia suala hilo kwa kutumia picha. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Lilian Mkonyi na wenzake uliotumia picha 2,145 za majani ya nyanya. Watafiti walilinganisha mitandao mitatu ya kompyuta, na ule unaoitwa VGG16 uliongoza kwa usahihi wa asilimia 91.9.

Kwa upande wa mifugo, Dina Machuve na wenzake walikusanya picha za vinyesi vya kuku katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro kati ya Septemba 2020 na Februari 2021. Picha zilizopewa majina mashambani zilikuwa 6,812, zikigawanywa katika makundi manne: kuku wazima, koksidiosisi, salmonela na kideri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022.

Tafiti hizo ziko wazi kwa kila mtu, na mtaalamu wa kawaida anaweza kuanzia hapo. Swali la kibiashara ni gharama ya kutoka kwenye utafiti hadi kwenye bidhaa.

KAZI MOJA, HATUA TANO

Mafundi huipanga kazi hii katika mfuatano wa hatua, kila hatua ikipokea kazi ya iliyotangulia, kama kahawa inavyotoka shambani kwenda kiwandani na kisha mnadani. Kwanza picha husafishwa na kupunguzwa ukubwa. Pili hugawanywa: fungu la kufundishia, fungu la kuhakikia na fungu la mtihani. Tatu ni mafunzo yenyewe. Nne ni mtihani. Tano ni kuhifadhi modeli iliyofaulu.

Kosa la kwanza la gharama hutokea hapa. Hatua hizi hazihitaji mashine za aina moja. Kusafisha picha kunawezekana kwa kompyuta ya kawaida ya bei nafuu. Mafunzo ndiyo yanayohitaji mashine yenye chipu ya GPU, ambayo kukodi kwake ni ghali zaidi. Fundi asiyetenganisha mipangilio huiwasha mashine ya ghali tangu hatua ya kwanza, na mteja hulipia GPU iliyokaa bure ikisubiri picha zisafishwe. Ni sawa na kukodi lori la tani 10 kupeleka debe moja la maharage.

Kosa la pili linahusu kumbukumbu ya hatua zilizokwisha kufanyika. Mifumo mingi ya mfuatano wa kazi inaweza kutambua kwamba hatua ya kusafisha imekwisha kufanywa kwa picha zile zile, ikatumia matokeo ya awali badala ya kurudia. Mpangilio huo ukizimwa, au fundi akiandika hatua zote tano kama kazi moja, kila jaribio jipya huanza na usafi upya.

HESABU YA ANKARA

Ili hesabu iwe rahisi, ichukuliwe kwamba mashine yenye GPU inakodishwa kwa dola 1 kwa saa. Bei halisi hutofautiana kwa aina ya mashine na kwa eneo.

Fundi hajui mapema mipangilio ipi itatoa modeli bora, hivyo hujaribu kadhaa. Akijaribu mitandao mitatu, kasi nne za kujifunza na ukubwa wa mafungu wa aina tatu, anapata mara 3 kwa 4 kwa 3, yaani majaribio 36. Kila jaribio likichukua saa 2, jumla ni saa 72, sawa na dola 72.

Ikiwa kusafisha picha kunachukua nusu saa na kunarudiwa kila mara kwenye mashine hiyo hiyo, zinaongezeka saa 18, sawa na dola 18. Kukifanyika mara moja tu, gharama yake hata kwenye mashine ya ghali ni senti 50. Tofauti ya dola 17.50 haikuleta maarifa yoyote mapya. Ilitokana na mstari mmoja wa maagizo.

Ukubwa wa fungu ni idadi ya picha ambazo mashine huzitazama kwa pamoja kabla ya kujirekebisha. Kwa picha 2,145, zikichukuliwa asilimia 80 za kufundishia, zinabaki 1,716. Mashine ikila picha 32 kwa fungu, inamaliza mzunguko mmoja kwa hatua 54. Ikila 8, inahitaji hatua 215. Fungu dogo mno huiacha GPU ikifanya kazi nusu nusu huku mita ikisoma saa kamili. Fungu kubwa mno hushinda kumbukumbu ya chipu, na kazi huanguka. Chipu aina ya T4 ya kampuni ya NVIDIA, mathalan, ina gigabaiti 16 za kumbukumbu.

Kasi ya kujifunza nayo ni kipimo cha jinsi mashine inavyojirekebisha kwa ghafla kila inapokosea. Ikizidi, mashine huyumba bila kutulia. Ikipungua, hujifunza polepole na muda wa kulipia hurefuka. Kwa sababu hiyo mipangilio mizuri huwa na agizo la kusimama mapema: usahihi kwenye fungu la kuhakikia usipopanda kwa mizunguko kadhaa mfululizo, kazi ikatishwe. Agizo hilo huokoa fedha kwenye majaribio ambayo matumaini yake yamekwisha tangu mwanzo.

Aidha, majaribio 36 yanaweza kuendeshwa kwa mfululizo kwenye mashine moja kwa siku 3, au kwa pamoja kwenye mashine 36 kwa saa 2. Ankara ni ile ile. Kikwazo ni kibali: akaunti mpya mara nyingi huanza na kiwango kidogo mno cha mashine zenye GPU, au bila kiwango kabisa, na maombi ya kuongezewa huchukua muda. Mradi unaoahidi matokeo wiki ijayo bila kibali mkononi una kasoro katika ratiba yake.

MASHINE ZA BEI YA CHINI

Makampuni ya wingu huuza pia muda wa mashine ambazo kwa wakati huo hazina mteja. Punguzo lake ni kubwa, na Amazon hutangaza hadi asilimia 90. Sharti lake ni kwamba mwenye mashine anaweza kuichukua wakati wowote akipata mteja wa bei kamili. Amazon hutoa notisi ya dakika 2, Google hutoa sekunde 30.

Kwa mwenye mtaji mdogo hii ni fursa, lakini inategemea mpangilio mmoja, nao ni kuhifadhi maendeleo ya kazi kila baada ya muda.

Ichukuliwe kazi ya saa 10. Kwa bei kamili ni dola 10. Kwa punguzo la asilimia 70, saa moja ni senti 30, na kazi nzima ni dola 3. Lakini mashine ikinyang'anywa mara tatu, kila mara kwenye saa ya 9, na fundi hakuhifadhi kitu, kazi huanza upya kila mara. Saa 27 zimepotea, zikiongezwa 10 za mwisho ni saa 37, sawa na dola 11.10. Bei ya chini imekuwa ghali kuliko bei kamili.

Fundi aliyeagiza maendeleo yahifadhiwe kila nusu saa hupoteza nusu saa tu kwa kila mkatiko. Mikatiko mitatu ni saa moja na nusu, jumla saa 11 na nusu, sawa na dola 3.45. Mashine ni zile zile na bahati mbaya ni ile ile. Kilichotofautiana ni maagizo.

Suala la kurudia kazi iliyoanguka linahitaji uangalifu pia. Mfumo unaweza kuagizwa kujaribu tena wenyewe. Hilo ni jema pale mashine inapokatika. Pale kosa linapokuwa kwenye maandishi ya programu, kurudia mara 3 ni kulipia kosa moja mara nne. Mipangilio bora hutenganisha sababu hizo mbili.

MASHINE ILIYOSAHAULIKA

Hasara kubwa kuliko zote haitokani na mafunzo bali na mashine iliyoachwa ikiwaka. Mashine ya dola 1 kwa saa ikiachwa siku 30 ni saa 720, yaani dola 720. Hiyo ni mara 10 ya majaribio yote 36. Kwa kiwango cha shilingi 2,600 kwa dola, majaribio yanagharimu shilingi 187,200, na usahaulifu unagharimu shilingi 1,872,000.

Kinga yake ni kuweka muda wa juu kwa kila kazi. Katika huduma ya SageMaker ya Amazon, muda huo usipotajwa katika kazi ya mafunzo, mfumo huchukua siku 1. Kazi inayotakiwa kuisha kwa saa 2 ikikwama, inaweza kuendelea kulipiwa hadi siku iishe. Kuandika saa 3 badala ya kuacha pengo ni kazi ya sekunde chache.

Wawekezaji wengi hudhani kwamba kuweka bajeti kwenye akaunti kunatosha. Sivyo. Bajeti za wingu kwa kawaida hutuma onyo tu. Hazizimi mashine isipokuwa fundi ameagiza hivyo. Barua ya onyo iliyotumwa usiku wa Ijumaa na kusomwa Jumatatu asubuhi imechelewa kwa zaidi ya saa 48.

Intaneti nayo ina sehemu yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Kazi iliyotumwa kwenye wingu ikiwa na maagizo kamili huendelea yenyewe hata fundi akikosa mtandao. Kazi inayoendeshwa kwa kushikiliwa kutoka kwenye kompyuta ya mezani inaweza kukatika naye, au mashine ikabaki ikiwaka bila mtu wa kuizima.

ASILIMIA INAYODANGANYA

Mipangilio haiishii kwenye ankara. Hatua ya pili, ya kugawa picha, ndiyo inayoamua thamani ya bidhaa, na ndipo mwekezaji anapoweza kuuziwa tenga lenye nyanya nzuri juu.

Mkulima akipiga picha 10 za mche mmoja, na picha hizo zikagawanywa kwa kubahatisha, baadhi huingia kwenye mafunzo na nyingine kwenye mtihani. Mashine hufanya mtihani ambao majibu yake imekwisha kuyaona, na asilimia hupanda. Mpangilio sahihi ni kugawa kwa shamba au kwa mche, si kwa picha, ili mashamba ya mtihani yawe mageni kabisa kwa mashine.

Ukubwa wa pengo hilo unajulikana. Mwaka 2016 watafiti walifundisha mashine kwa picha 54,306 za majani yaliyopigwa katika mazingira yaliyopangwa, na ikapata asilimia 99.35. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, usahihi ulishuka hadi karibu asilimia 31. Anayeuza modeli ya Ngarenanyuki lazima aonyeshe mtihani wa picha za shambani, zenye vumbi, kivuli na mkono wa mkulima.

Picha za kuku zinatoa funzo jingine. Kati ya zile 6,812, za kideri zilikuwa 376 tu, yaani asilimia 5.5. Mashine ambayo haitaji kideri hata siku moja, lakini inapatia mengine yote, ingepata asilimia 94.5 kwa jumla. Kwa mfugaji mashine hiyo ni hatari, maana kideri kinaweza kumaliza banda zima kwa muda mfupi. Fundi anaweza kuagiza kwamba kukosea ugonjwa wenye picha chache kuhesabiwe uzito mkubwa zaidi wakati wa mafunzo. Mwekezaji naye adai asilimia ya kila ugonjwa peke yake, si wastani.

Utafiti huo wa kuku una funzo la tatu, la kibiashara zaidi. Mtandao wa Xception ulipata asilimia 98.24 na MobileNetV2 asilimia 98.02. Watafiti walipendekeza ule wa pili kwa matumizi ya shambani, kwa kuwa ni mwepesi na ulionyesha uwezo bora wa kukabiliana na picha mpya. Tofauti ya asilimia 0.22 si kitu ukilinganisha na gharama: modeli nyepesi inaweza kukaa ndani ya simu ya mfugaji na kujibu bila intaneti. Modeli nzito huenda ikahitaji mashine ya kukodi inayowaka usiku na mchana, na hapo zinarudi zile dola 720 za kila mwezi.

DOLA NA SHERIA

Mapato ya mradi wa Arusha ni kwa shilingi, gharama zake ni kwa dola. Mwaka 2022 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilipita shilingi 2,600. Ankara ya dola 500 ilitoka shilingi 1,150,000 hadi 1,300,000 bila mashine kuongezwa hata moja. Bajeti ya mradi inapaswa kuwa na nafasi ya mabadiliko ya namna hiyo.

Mpangilio wa eneo, yaani nchi ambayo mashine zipo, hugusa bei na pia sheria. Kwa mafunzo, umbali si tatizo kubwa, hivyo fundi anaweza kuchagua eneo lenye bei nafuu. Lakini picha na mashine ziwe eneo moja, kwa sababu kuingiza data kwenye wingu kwa kawaida ni bure wakati kuihamisha kwenda eneo jingine au kuitoa nje hulipiwa.

Picha ya jani si taarifa ya mtu. Jina la mkulima, namba ya simu na mahali pa shamba vikiandikwa pamoja na picha hiyo, mambo hubadilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu kukusanya taarifa hizo na kuzipeleka nje ya nchi. Njia rahisi ni kuagiza hatua ya kwanza ya mfuatano iondoe majina na namba kabla picha hazijaondoka.

MASWALI YA KUULIZA

Mwekezaji hahitaji kuwa fundi ili apekue tenga hili. Maswali saba yanatosha:

1. Ni hatua zipi zinatumia mashine ya GPU, na zipi zinatumia mashine ya kawaida?

2. Majaribio yatakuwa mangapi, kila moja saa ngapi, na kwa bei gani kwa saa?

3. Kila kazi imewekewa muda gani wa juu?

4. Kama mashine ni za punguzo, maendeleo huhifadhiwa kila baada ya dakika ngapi?

5. Nani huzima mashine ikiwa onyo la bajeti limekuja usiku?

6. Picha za mtihani zilitoka mashamba gani, na je, mashamba hayo yamo pia kwenye mafunzo?

7. Usahihi ni asilimia ngapi kwa kila ugonjwa?

Majibu yote yamo kwenye faili la mipangilio na kwenye kumbukumbu za kazi zilizopita. Fundi anayefanya kazi kwa utaratibu huyatoa siku hiyo hiyo, kwa kuwa huhifadhi faili hilo pamoja na kila modeli aliyoitengeneza, likionyesha toleo la programu na picha zilizotumika. Asiyeweza kuyatoa hataweza pia kuirudia kazi yake mwenyewe msimu ujao, pale kantangaze atakaporudi na wateja wakataka modeli mpya.

Wanaofikiria kuweka fedha wanashauriwa kuanza na kazi moja ndogo yenye kikomo cha dola kilichoandikwa, waisubiri ankara ya mwezi wa kwanza, na wailinganishe na makadirio kabla ya kutoa awamu ya pili.